Fundi kanihamishia betri kwenye buti bila fyuzi hata moja, gari nusura ituunguze na mtoto ndani

Wakuu habari za jioni. Naandika nina hasira mpaka mikono inatetemeka, mtanivumilia kama maneno hayajanyooka.

Nina Subaru Impreza WRX, ile ya turbo yenye bodi ya GDA, nimehangaika nayo mwaka wa nne sasa. Mwezi wa tano nikaamua kutoa intakula (ile rejeta ya kupoza hewa ya turbo) ya juu ya injini niweke ya mbele, maana kwa joto la Dar na foleni ya Kimara ile ya juu inachemka, ukikaa foleni nusu saa gari inakuwa nzito kama imebeba mawe. Sasa bomba la intakula ya mbele linapita pale pale betri inapokaa, wenye Subaru mnalijua hili, ama uweke betri ndogo ama uihamishe. Fundi akasema kaka tupeleke kwenye buti, kazi ya siku moja, laki 3 na nusu pamoja na waya. Nikalipa yote, sikuomba apunguze hata mia.

Jumapili tumetoka kanisani, mimi na mama watoto, mtoto wetu mdogo wa miaka mitatu kalala kiti cha nyuma. Tunafika Mbezi nasikia harufu ya plastiki inaungua, nikajua ni lori la mbele. Mara taa za dashibodi zinafifia zinarudi, redio ikazima, na moshi unatoka chini ya zulia pale pale miguuni kwa mke wangu. Nikapaki pembeni, mke kamchomoa mtoto anapiga kelele, mimi nakimbilia buti nifungue betri, nati imekazwa na spana ziko kwenye kishimo cha tairi la spea ambako betri imekalishwa juu yake!! Kijana mmoja wa bodaboda ndo kaja mbio na koleo akaukata ule waya wa hasi. Nimempa nilichokuwa nacho mfukoni, na hata ningempa gari bado ningekuwa na deni lake.

Jana nimeng'oa zulia lote mwenyewe nione. Wakuu nilikaa chini.

Waya mwekundu, ule wa chanya, fundi katoboa tundu kwenye ukuta wa injini akaupitisha hivyo hivyo, hajaweka hata raba ya kuuzuia usikwaruzwe, ile kingo ya bati imekuwa inaukata kidogo kidogo kila gari ikitikisika mpaka ikafika kwenye shaba. Na shaba yenyewe sio shaba, nimekwaruza kwa kisu ndani ni nyeupe, ni alumini imepakwa shaba juu, zile waya za amplifaya za bei rahisi. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba. Stata, ile mota ya kuwashia, ya injini ya lita 2 inaweza kuvuta ampea 150 mpaka 200, sasa pitisha hizo kwenye mita 5 za waya mwembamba wa alumini uone, volti zaidi ya moja inapotelea njiani, ndo maana tangu gari itoke kwake, asubuhi ilikuwa inazunguka kwa kuvuta vuta, nikampigia akaniambia betri imechoka ninunue nyingine. Nikanunua! Betri saizi ya NS60 mpya kabisa, na shida ilikuwa waya wake.

Waya wa hasi kaufunga kwenye bolti ya mkanda wa kiti juu ya rangi, hajakwaruza rangi ili chuma kiguse chuma. Na ule waya wa hasi wa zamani uliokuwa unatoka betri unaenda kwenye gia boksi kautoa kabisa, hajarudisha chochote kati ya injini na bodi, kwa hiyo umeme wote wa stata ulikuwa unarudi kwa vijiwaya vidogo dogo vilivyobaki, viwili nimevikuta vimebadilika rangi. Betri yenyewe ya maji, kilo 12 hivi, imefungwa kwa mpira wa kufungia mizigo ya baiskeli. Haina boksi, haina bomba la kutoa gesi nje, na buti la sedani halijatenganishwa kabisa na kiti cha nyuma alipolala mwanangu. Betri ikichajiwa inatoa gesi ya haidrojeni, ikifika asilimia 4 tu kwenye hewa inawaka ikipata cheche.

Sasa kinachoniuma zaidi ni majibu yake. Kanambia "kaka hata BMW wanaweka nyuma, na waya wa stata haunaga fyuzi hata kiwandani." Ni kweli kiwandani kwenye gari nyingi hauna, kwa sababu betri iko pale mbele na waya ni mfupi, unapita sehemu waliyoipanga. Wewe umeuburuta gari nzima chini ya watu. Na hiyo BMW anayoisema, zile 3 Series za E46 kwa mfano, kichwa cha chanya cha betri kina kibaruti kidogo, gari ikigonga, airbag zikafyatuka, kinakata ule waya mkubwa wa kwenda mbele. Toyota Prius nyingi nazo betri ndogo iko nyuma, na ina kibomba cha kutolea gesi nje. Wao waliliwaza. Yeye hakuweka hata fyuzi moja ya ampea 250 karibu na betri, ndani ya nusu mita kutoka kwenye kichwa, kitu ambacho Kariakoo kinauzwa maduka kibao! Ingekuwepo, ule waya ulipogusa bati fyuzi ingekatika, gari ingezima, ningemtukana nikaenda nyumbani. Basi.

Mimi nitaifanya upya, waya wa shaba tupu wa milimita 50 za mraba, ule wa kuchomelea, na betri ya AGM, ile iliyozibwa isiyomwaga maji, kwenye boksi lililofungwa kwa bolti kwenye bodi. Nimeshajifunza kwa hofu ya mke wangu, ambaye mpaka leo hataki kupanda.

Kesho asubuhi narudi gereji na ule waya ulioungua mkononi. Nataka laki 3 na nusu yangu na hela ya betri. Na nataka mbele yangu awapigie wenye zile gari mbili nilizozikuta siku ile anazifanyia kazi hii hii, Altezza nyeupe na Mark X ya kijivu. Kama ni wewe unasoma hapa na betri yako iko kwenye buti, usiwashe gari, fungua hasi kwanza usiku huu, halafu ufuate ule waya mwekundu toka kwenye betri mpaka mbele uone unapita wapi.