Naomba ushauri: bastola ninayo, shabaha sina

Wakuu, habari za saa hizi. Nina duka hapa Ngamiani, Tanga, na bastola ya milimita 9 ninaimiliki kwa kibali halali. Tatizo ni mkono. Juzi nikiwa mita 7 tu, karibu risasi zote zilitua chini kushoto. Mkufunzi akachomeka risasi bandia kati ya zile za kweli, kimyakimya. Nilipovuta triga bila mlio, mtutu ukainama wenyewe. Aibu! Kumbe nauogopa mshindo kabla haujalia.

Nyumbani najizoeza na bastola tupu, risasi chumba kingine, sarafu juu ya mtutu isidondoke. Je, nitafute kozi ya siku 2 sasa hivi, au nijinoe hivi kwanza? Na kuchomoa kwenye ala hufundishwa lini? Mama watoto anasema niirudishe polisi tu.