Transmita ya FM haisikiki kwenye redio ya gari lililotoka Japani

Mwendambali:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu. Gari ninaloendesha lilitengenezwa Japani kwa ajili ya soko la huko, na redio yake ni ile ile iliyokuja nalo: ina sehemu ya CD, lakini haina tundu la USB wala la AUX, na Bluetooth ndiyo haipo kabisa. Nina kicheza muziki kidogo cha mfukoni chenye nyimbo nilizozikusanya kwa muda mrefu, nami ningependa zisikike kwenye spika za gari, kwa sababu kuendesha huku masikio yamezibwa si jambo la busara.

Nimenunua transmita ndogo ya FM, yaani kifaa kinachorusha muziki hewani ili redio iupokee kama kituo, ile inayochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara na kuunganishwa na kicheza muziki kwa waya mfupi. Maelekezo yanasema nitafute mahali pasipo na kituo, kisha nambari ya transmita na ya redio zilingane. Nimeweka 88.1 huku na 88.1 kule, na ninachosikia ni kituo kinachoendelea na matangazo yake kana kwamba transmita haipo. Nikihamia 89.3 pande zote mbili, napata mkoromo mtupu. Transmita yenyewe inawaka, na nilipoijaribu karibu na redio ndogo ya mezani ilisikika vizuri.

Kuna jambo jingine ambalo sijui kama linahusika. Nambari zinazoonekana kwenye redio ya gari hazifanani na zile ambazo vituo hujitangaza nazo. Kituo kinachosema kiko 98.0, mimi nakipata kwenye 80.0. Naomba ushauri kabla sijairudisha transmita dukani.

Mkereketwa wa Muziki:

Ndugu Mwendambali, transmita hizi zimewekewa nguvu ndogo sana kwa makusudi, ili zisiingilie vituo halali. Barani Ulaya, kwa mfano, kikomo chake ni nanowati 50, ambazo hazifiki hata sehemu moja ya milioni ya wati. Redio ya FM nayo ina tabia ya kushika wimbi lenye nguvu zaidi na kulifunika lile dhaifu, haichanganyi sauti mbili kama tunavyozoea kusikia kwenye AM. Kwa hiyo ukikaa juu ya kituo, hata kile cha mbali, kituo ndicho kitakachoshinda.

Angalia pia antena ya gari lako iko wapi. Ikiwa imechorwa kwenye kioo cha nyuma, au imesimama juu ya bodi nje, basi kati yake na transmita iliyo kwenye dashibodi kuna mabati mengi. Jaribu kuunyoosha waya wa sauti badala ya kuuviringisha, kwa kuwa katika transmita nyingi waya huo ndio unaofanya kazi ya antena. Sehemu tulivu huwa mara nyingi mwanzoni kabisa au mwishoni kabisa mwa masafa, karibu na 87.5 au 108.

Fundi Nyaya:

Aliyonitangulia kuyasema ni ya kweli, ila hayatamsaidia muulizaji, kwa sababu jibu lake liko kwenye ile aya ya mwisho aliyoiandika kama nyongeza.

Redio za magari ya soko la Japani zilitengenezwa kupokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90 tu, na zile za karibuni hadi 95. Sehemu nyingi za dunia hutumia 87.5 hadi 108. Gari la namna hiyo likifika nje ya Japani, redio yake hupata kipande kidogo tu cha vituo, yaani vile vilivyo chini ya 90. Ndiyo maana mafundi hufunga kati ya waya wa antena na redio kifaa kidogo kinachoitwa ekspanda, ambacho huyachukua mawimbi yote yanayoingia na kuyashusha kwa kiasi kisichobadilika. Kituo chako cha 98.0 kinaonekana kwenye 80.0, maana yake ekspanda iliyofungwa kwenye gari lako inashusha kwa 18.

Sasa fuatilia hesabu hiyo kwa upande wa transmita. Redio yako ikisomeka 88.1, kwa hakika inasikiliza 106.1 ya hewani, na hicho kituo unachokisikia ndiko kiliko. Transmita yako inayorusha kwenye 88.1 inaingia kwenye antena, inapita kwenye ekspanda, inashushwa hadi 70.1, na huko redio haifiki. Haina kosa lolote.

Fanya hivi. Tafuta kwenye redio nambari yenye mkoromo mtupu usio na sauti ya mtu kwa mbali, tuseme 86.3, kisha ongeza 18, na uiweke transmita kwenye 104.3. Kwa gari lako, nambari za transmita zinazofaa ni kuanzia 94 hadi 108 tu. Wengine wanaosoma hapa wasiichukue 18 kama amri, kwa kuwa kuna ekspanda zinazoshusha kwa kiasi kingine. Chukua kituo unachokifahamu, toa nambari ya redio kwenye nambari kinayojitangaza nayo, na tofauti hiyo ndiyo utakayoitumia siku zote.

Mpenda Kaseti:

Kwa wenye redio za kaseti, msihangaike na transmita hata kidogo. Kaseti ya waya, ile isiyo na utepe ndani bali ina kihedi kinachogusana na hedi ya redio, yaani ile sehemu inayosoma utepe, haipiti hewani, hivyo haina kituo cha kugombana nacho, na kwa maoni yangu sauti yake ni safi zaidi. Ikiwa redio inaigeuza upande kila mara au inaitoa nje, bonyeza kitufe cha kugeuza upande kabla ya kuitupa, kwa kuwa mara nyingi redio imeanza kusoma upande usio na kihedi.

Mwendambali:

Ndugu Fundi Nyaya, nakushukuru sana. Nimeweka 104.3 kwenye transmita na 86.3 kwenye redio, na muziki umeingia papo hapo, kushoto na kulia.

Limebaki jambo moja. Transmita hii ina tundu la USB la kuchajia, nami nachaji kicheza muziki humo humo huku kikipiga. Gari likiwa limesimama na injini imezimwa, sauti ni safi. Nikiwasha injini kunatokea mlio mwembamba kama wa mbu, na nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka. Vilevile kwenye nyimbo zenye sauti ya juu, herufi "s" zinachanika.

Fundi Nyaya:

Mlio unaofuata mwendo wa injini unatoka kwenye altaneta, ile mashine inayozungushwa na injini na kuzalisha umeme wa gari. Kicheza muziki chako sasa kimeunganishwa na transmita kwa njia mbili, waya wa sauti na waya wa chaji, na hasi ya kila waya inakutana na mwenzake. Uchafu wa umeme wa gari hupita kwenye mzunguko huo na kuingia kwenye sauti. Chomoa waya wa chaji peke yake huku injini ikiunguruma. Mlio ukikatika, umethibitisha.

Dawa rahisi ni kukichaji kabla ya safari na kukiacha kitumie betri yake. Ukitaka kuchaji na kusikiliza kwa pamoja, kuna kifaa kidogo chenye transfoma ndani kinachokaa katikati ya waya wa sauti, nacho hupitisha sauti bila kuunganisha hasi za pande mbili. Mwenye tundu la AUX hupata mlio huo huo akichaji kwa umeme wa gari, na dawa yake ni hiyo hiyo.

Kuhusu herufi kuchanika, unaisukuma transmita kupita uwezo wake. Utangazaji wa FM huzikuza sauti nyembamba kabla ya kurusha na redio huzipunguza inapopokea, kwa hiyo sauti ikiingia kubwa mno, zile nyembamba ndizo zinazoharibika kwanza. Shusha sauti ya kicheza muziki hadi kama robo tatu, zima kile kitufe cha kuongeza besi, halafu ukuzie kwenye redio. Kabla ya kuzima transmita, punguza kwanza sauti ya redio, la sivyo mkoromo utakushtua barabarani.

Mkereketwa wa Muziki:

Naongeza kwa wanaosafiri mbali: nambari iliyo tulivu mlipotoka inaweza kuwa na kituo chenye nguvu mnakokwenda, na kubadilisha nambari pande mbili huku unaendesha hakupendezi. Kuna moduleta ya waya inayofungwa nyuma ya redio, ambayo ikiwashwa hukata antena na kuingiza muziki moja kwa moja kwenye waya wake, hivyo hakuna kituo cha kushindana nacho. Ndugu Fundi, hiyo ifungwe kabla ya ekspanda au baada yake?

Fundi Nyaya:

Ikiwa moduleta inarusha chini ya 90, kama 88.7, ifungwe baada ya ekspanda, upande wa redio, na nambari zitalingana bila hesabu yoyote. Ikifungwa upande wa antena, muziki nao utashushwa kwa 18 na kupotea. Anayefunga aikague kwanza hiyo ekspanda, maana nyingi zina waya wake mwembamba wa umeme, na huo ukilegea vituo vyote hupotea kwa pamoja.

Mwendambali:

Nimechomoa chaji na mlio umekatika. Nimeshusha sauti hadi robo tatu, na "s" zimetulia. Kile kifaa chenye transfoma nitakitafuta. Kwa sasa nitakuwa nachaji usiku.