Mpwa wangu aanzie kazi kwenye wakfu wa Marekani unaopinga ubaguzi wa rangi?

Mjomba wa Riat
Wadau, hamjambo. Mtoto wa dada yangu, binti, amemaliza shahada yake Chuo Kikuu cha Maseno na amepata nafasi ya mwaka mmoja kwenye wakfu fulani wa Marekani. Wanatoa ruzuku kwa vikundi vinavyopigana na ubaguzi wa rangi, kwao na huku Afrika. Atakuwa anasoma maombi, anafuatilia vikundi vilivyopewa pesa, anawaandikia wakubwa ripoti. Mamake anataka aende. Babake anasema hiyo si kazi, ni kukaa karibu na pesa za watu, na kwamba kijana afanye kwanza kazi na watu wenyewe. Wote wawili wananipigia simu usiku. Nauliza: ni sawa kijana kuanza maisha ya kazi akiwa upande wa anayetoa? Anatakiwa kujibu Ijumaa.

Fundi wa Kondele
Aende hata kesho. Hapa stejini kwetu watu wana digrii na wanaendesha boda. Mshahara wa dola unajadiliwa nini?

Kijana wa Section 58
Mjomba, mwangalie saa. Hizo kazi zilishika moto 2020, polisi walipomuua George Floyd kule Minneapolis. Open Society, wakfu wa tajiri George Soros, walitangaza dola milioni 220. Ford Foundation, wakfu mwingine mkubwa, wakakopa dola bilioni nzima sokoni ili watoe zaidi. Kisha 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ikavizuia vyuo vikuu kutumia rangi ya mtu katika kuchagua wanafunzi. Kesi zikafuata. Kuna mfuko wa Atlanta, Fearless Fund, ulikuwa unawapa wanawake weusi wenye biashara ndogo dola 20,000. Ukashtakiwa kwamba unabagua, mahakama ya rufaa ikaisimamisha ruzuku hiyo Juni 2024, na Septemba wakakubaliana nje ya mahakama kuifunga kabisa. Mpwa wako anapanda matatu ambayo abiria wanashuka.

Nyar Manyatta
Mimi nilikuwa mhudumu wa afya ya jamii kwenye mradi wa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, mradi wetu ulituandikia ujumbe wa simu tusije kazini. Wagonjwa hawakupata ujumbe wowote. Walikuja mlangoni kwangu, mmoja mmoja, na mimi sikuwa na la kuwaambia.

Lakini shida ilianza kabla ya hapo. Aliyeamua tuhesabu nini hakuwahi kukaa kwenye benchi la kliniki. Tulihesabu waliohudhuria semina na waliotia sahihi karatasi ya nauli. Hatukuulizwa nani ameacha dawa na kwa sababu gani, na hilo ndilo tulilolijua kuliko mtu yeyote. Mwenye kusoma maombi ya ruzuku anashika maisha ya watu bila kuwaona, iwe ni dawa, iwe ni ubaguzi.

Kwa hiyo nakubaliana na babake. Binti aanzie upande wa kupokea. Afanye kazi kwenye kikundi kinachoandika maombi hayo. Akataliwe bila kupewa sababu. Asubiri pesa iliyochelewa huku mwenye nyumba anadai kodi ya ofisi. Akishayaonja hayo, akae kwenye meza ya kuamua, na mimi nitakuwa wa kwanza kumpigia makofi. La sivyo tunaletewa mtoto mwingine wa Milimani, mtaa wa wenye pesa, wa kutueleza shida zetu.

Mjomba wa Riat
Dada, pole kwa yaliyokupata. Lakini mpwa wangu si mtoto wa Milimani. Mamake anauza omena Kibuye, na karo yake tulichanga ukoo mzima. Umemhukumu msichana ambaye hujamwona.

Kijana wa Section 58
Milimani ya Kisumu au ya Nakuru? Maana yetu ya Nakuru ilikuwa ya Wazungu, na mweusi aliyelala huko alikuwa mpishi au mtunza bustani. Nakuru ndipo walowezi walipokuwa na mji wao. Watu wasiongee kama vile ubaguzi wa rangi ni jambo la kusikia kutoka Marekani.

Fundi wa Kondele
Msituringie na ukoloni, hata Kisumu ilipangwa hivyohivyo. Mzungu juu kwenye upepo, Mhindi katikati dukani, Mwafrika nje ya mpaka wa mji. Manyatta na Nyalenda zilikuwa nje hadi mipaka ilipopanuliwa miaka ya sabini, ndiyo maana hadi leo barabara na maji ni shida. Hiyo nayo waipelekee ruzuku.

Nyar Manyatta
Nimeandika mambo mengi, mmeona Milimani tu.

Mwalimu Mstaafu, Vihiga
Wanangu, tupunguze sauti. Wakfu wa Kimarekani wenye nia njema kwa watu weusi ulifika hapa kabla wengi wenu hamjazaliwa. Mwaka 1924 tume ya wakfu wa Phelps-Stokes wa Marekani ilikuja Kenya kuangalia elimu ya Mwafrika. Ndani yake alikuwemo James Aggrey wa Gold Coast, msomi mweusi ambaye wazee wetu walimshangilia. Lakini aliyeiongoza alikuwa Thomas Jesse Jones, aliyekuwa amefundisha Hampton, chuo cha watu weusi kule Virginia, na aliyeamini kwamba mweusi afundishwe zaidi kilimo, useremala na usafi. Mwaka uliofuata ikafunguliwa Shule ya Jeanes pale Kabete, kwa jina na mfano wa mfuko uliosaidia shule za watu weusi kusini mwa Marekani. Watu waliojali ubaguzi kwa dhati walikaa mezani wakaamua mtoto wa Vihiga asome nini. Ilhali wanafunzi wa shule ya misheni ya Maseno walikuwa wamegoma tangu 1908, wakidai masomo ya darasani badala ya kazi za shamba. Jibu lilikuwepo, na waliokuwa nalo walikuwa watoto.

Kuna mfano mwingine ambao nauheshimu. Julius Rosenwald, mkuu wa kampuni ya Sears, alishirikiana na Booker T. Washington, mwalimu mweusi mashuhuri, kujenga shule za watoto weusi kusini mwa Marekani, zikafika kama 5,000. Hakujenga peke yake. Wazazi weusi walichanga pesa, mbao na nguvu zao, kama harambee zetu. Tena alitaka mfuko wake utumike uishe, na kweli ulifungwa 1948. Wakfu nyingi za leo hazifanyi hivyo. Sheria ya Marekani inazitaka zitoe kama asilimia 5 ya mali yao kwa mwaka, nyingine inabaki kwenye hisa na majumba inazaa. Mjomba, mwambie binti aulize mambo mawili kabla ya kutia sahihi: vikundi vinavyopewa pesa vina kura kwenye uamuzi? Na ile asilimia 95 imewekezwa wapi?

Kijana wa Section 58
Mwalimu, mbona unachagua mabaya? Bila pesa za wakfu wa kina Kennedy, babake Barack Obama asingepanda ndege ya Tom Mboya iliyowapeleka wanafunzi wetu kusoma Marekani, angebaki Kogelo, na Marekani isingepata rais mweusi. Hiyo ndiyo kazi ya wakfu.

Mwalimu Mstaafu, Vihiga
Si kweli, mwanangu. Mzee Obama alikwenda Hawaii 1959 kwa njia yake. Hakuwemo kwenye ndege ya Septemba 1959 iliyobeba wanafunzi 81. Pesa za wakfu wa kina Kennedy, dola 100,000, zilikuja 1960 kwa safari iliyofuata, ile aliyokwenda nayo Wangari Maathai. Ndege ya kwanza ililipiwa na michango ya Wamarekani wa kawaida, walioombwa kwa barua iliyotiwa sahihi na Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Watu weusi watatu waliojulikana waliwaomba watu, na watu wakatoa.

Kijana wa Section 58
Barack mwenyewe alisema hayo kule Selma, Marekani, 2007, mbele ya umma. Wewe unamjua babake kuliko yeye?

Mwalimu Mstaafu, Vihiga
Kampeni yake ililirekebisha 2008. Soma.

Fundi wa Kondele
Mtu wa Nakuru anatufundisha habari za Alego, kwao kina Obama! Mboya alitoka Rusinga, huku kwetu, na aliyeanzisha jambo hilo ni yeye. Aliwafuata hao Wamarekani akawaambia anataka nini. Hakukaa kwenye ofisi yao akisoma fomu. Sasa hata mimi naanza kumwelewa babake binti.

Kijana wa Section 58
Sasa Nakuru imekosa nini? Ukishindwa hoja unauliza mtu anatoka wapi. Hivyo ndivyo ubaguzi unavyoanza, na tuliokuwa Nakuru Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, hatuhitaji kukumbushwa.

Fundi wa Kondele
Usinihusishe na 2008. Kisumu tulizika watu wetu pia.

Mnubi wa Kibos
Nimesoma yote haya nikinyamaza. Mnagombania ndege ya 1959. Mimi ni Mnubi, nimezaliwa Kibos. Februari 2021 tingatinga zilituingilia usiku. Tulikuwa na makaburi ya mababu pale, na asubuhi watoto wetu walikuwa wanatafuta sare za shule chini ya mabati. Babu zetu waliletwa na Waingereza kama askari kutoka Sudan, na tangu wakati huo tunaulizwa sisi ni nani kila tukiomba kitambulisho.

Mwajua nani alitusikiliza? Mwaka 2009 kesi ya watoto wa Kinubi ilipelekwa kwa Kamati ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto. Waliipeleka mawakili wa taasisi moja ya haki za binadamu iliyoko Gambia, pamoja na mawakili wa Open Society. Machi 2011 kamati ikaamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto hao kwa kuwaacha bila uraia wa uhakika. Huo ndio uamuzi wa kwanza kamati hiyo iliwahi kutoa juu ya kesi. Ndiyo, ni pesa za wakfu. Mahali fulani kuna kijana alikaa kwenye dawati, akasoma habari za Wanubi ambao hakuwahi kuwasikia, akasema hawa wasaidiwe. Hakuna harambee ya Kisumu iliyowahi kutulipia wakili. Mwambieni binti aende, na akifika asome karatasi za watu wadogo mpaka ukurasa wa mwisho.

Fundi wa Kondele
Ndugu, hapo umenichoma. Ile asubuhi tulikuja na maji, unga na blanketi. Mke wangu alilaza watoto wa watu sebuleni. Leo anayeshukuriwa ni wa ng'ambo, jirani hakufanya kitu?

Mnubi wa Kibos
Blanketi tulizipokea na Mungu awalipe. Nimeongea kuhusu wakili. Blanketi haimrudishi mtu kwenye kiwanja chake.

Kijana wa Section 58
Lakini hata huo uamuzi wa 2011 haukuzuia tingatinga za 2021. Kwa hiyo ule wakfu ulinunua nini?

Mnubi wa Kibos
Ulinunua karatasi ambayo mwanangu anaweza kuisimamisha mbele ya hakimu. Wewe unayo ya kwako tangu kuzaliwa, ndiyo maana huoni thamani yake.

Mama wa Kericho
Nakuunga mkono, Kibos. Sisi Watalai, ukoo wa Wakipsigis, wazee wetu walihamishwa 1934 kwa sheria iliyotungwa juu ya ukoo mmoja, wakatupwa Gwassi kwenye mbung'o, na milima ya Wakipsigis ikawa majani chai. Mwaka 2022 kesi ilifikishwa kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, dhidi ya Uingereza. Kesi kama hizo zinataka mawakili, nyaraka za zamani, na mtu wa kukaa na vikongwe na kuandika wanachokumbuka kabla hawajafa. Mimi nimewahi kuambatana na kikundi kuomba pesa za kazi hiyo. Mfadhili alijibu kwamba suala letu ni la ardhi, na fungu lake ni la ubaguzi wa rangi. Aliyenyang'anywa alikuwa mweusi, aliyepewa alikuwa Mzungu, sijui alitaka rangi gani nyingine. Mtoto wa huku akiwa kwenye dawati lile asingeandika jibu kama hilo.

Mwalimu Mstaafu, Vihiga
Hapo mama umenigusa. Ila mtoto wa huku akikaa kule miaka mingi naye huandika kama wao. Nimewaona wanafunzi wangu mwenyewe.

Fundi wa Kondele
Na serikali je? Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Ford Foundation walitajwa hadharani na rais kwamba wanafadhili fujo, na wizara ya mambo ya nje ikawaandikia barua. Wakakana. Binti akirudi likizo ataulizwa uwanja wa ndege analipwa na nani. Mjomba, hilo mmelifikiria?

Mjomba wa Riat
Tumelifikiria, na mamake sasa ndiye anayeogopa. Binti amesoma mjadala huu tangu jana. Ameniomba nimuulize mama wa Kericho kama anaweza kuwaona wazee hao kabla hajatoa jibu.

Mama wa Kericho
Aje. Jumatano nitakuwa nyumbani. Asije na fomu.

Nyar Manyatta
Kabla hajaenda Kericho, amuulize huyo mwajiri wake jambo moja ambalo hapa hakuna aliyelijibu. Wakfu ukibadilisha nia na kufunga fungu, vikundi vinaambiwa miezi mingapi mapema, na mishahara ya watu wa chini inalipwa na nani? Tuliofungiwa tuko wengi Manyatta. Niandikieni jibu hapa, nitasubiri.

Kijana wa Section 58
Mwalimu, nimesoma. Hata kama mzee Obama hakuwa kwenye ndege ile, alisaidiwa na watu walewale baadaye. Kwa hiyo hoja yangu iko palepale.