MREJESHO: Muziki wa roki jikoni, mama kakubali

Wadau, niliuliza nifanyeje ili roki niliyoipenda tangu utotoni ibaki jikoni bila kumkera mama, maana yeye hupika kwa kusikiliza: mafuta yakilia sana anajua moto umezidi. Nimefuata ushauri wa kupiga santuri upande mmoja tu, kisha kimya. Umefaa kabisa! Upande mmoja huchukua kama dakika 20, muda wa kukaanga vitunguu kwa moto wa wastani hadi viwe vya kahawia. Besi, ile sauti nzito ya chini, nimeipunguza. Tukifika kwenye viungo, inasikika sufuria tu. Jana kaniuliza mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath ni nani! Nikamsimulia Tony Iommi alivyokatika ncha za vidole kiwandani na bado akaendelea kupiga. Asanteni sana, hasa aliyetaja santuri.