Mama yangu si kichekesho cha sebuleni: wenzangu wa nyumba mmevuka mpaka

Jamani, nimenyamaza tangu Jumamosi na sasa nimeshindwa. Acha niseme.

Tuko wanafunzi wanne, tumepanga nyumba moja huku Tudor, tunachangiana kodi, stima na maji ya mkokoteni. Mwisho wa wiki usiku huwa tunacheza michezo ya kuigiza papo kwa papo. Wawili wanaingia katikati ya sebule, mtu anawatajia mahali na watu, labda feri ya Likoni, mchuuzi na askari, nao wanaanza hapo hapo bila kuandikiwa neno. Akitokea wa kupiga kelele "ganda!", wanabaki walivyo, yeye anamgusa mmoja, anashika mkao wake, na kuanzisha kisa kingine kabisa. Naipenda michezo hii kwa moyo wote. Nalisema mapema asije mtu akanambia sijui utani.

Sasa sikilizeni. Mama yangu ni mama karanga kule Msambweni. Hununua samaki ufuoni, akakaanga, akauza jioni. Kusi ikivuma bahari huchafuka, mashua ndogo haziendi mbali, samaki wanakuwa haba na bei inapanda, na deni la tajiri aliyemkopesha liko pale pale. Alhamisi alinipigia simu akilia, akiniomba nivumilie kuhusu karo. Nilikuwa jikoni. Mwenzangu mmoja alikuwa anaosha vyombo, akasikia yote, tena akanipa pole.

Jumamosi kukawa na wageni, sebule imejaa. Ikapigwa "ganda!", na yule yule wa pole akaingia. Akajifunga leso kiunoni, akaweka upawa sikioni kama simu, akaanza: "Mwanangu, tajiri ataka pesa zake, na samaki hakuna..." Maneno ya mama yangu, kwa lafudhi ya Kidigo, mpaka ile namna anavyovuta pumzi kabla ya kulia. Watu wakacheka wakagaagaa mkekani. Mwingine akarukia kuwa tajiri, akaja kudai. Nikasema, "Acha hiyo." Nikajibiwa, "Usizuie mchezo! Ndiyo, na!" Sebule nzima ikaitikia, "Ndiyo, na! Ndiyo, na!" huku wakipiga mitungi ya maji kama ngoma.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kanuni ya "ndiyo, na", yaani ukubali alichosema mwenzako kisha uongeze chako, ni ya wachezaji wawili walioingia mchezoni kwa hiari yao. Ukisema tuko ndani ya matatu, mimi sikatai kwamba tuko ndani ya matatu, naongeza kwamba breki zimekatika. Basi. Hakuna popote ilipoandikwa kwamba aliyekaa pembeni alazimike kukubali machozi ya mzazi wake yafanywe mchezo. Anayesema "acha" kwa sauti yake mwenyewe hazuii kisa, amekwisha toka mchezoni, na mchezo unasimama.

Na hata kwa kipimo cha mchezo wenyewe, ule ulikuwa wizi. Papo kwa papo maana yake kitu kizaliwe pale pale, baina ya wawili. Yeye alikibeba tangu Alhamisi, akakikariri, akakisubirishia wageni. Kipaji kiko wapi hapo?

Tena ndiye anayetuhubiria kila wiki habari za Viola Spolin wa Chicago. Haya, tumzungumze. Yule mama aliiunda michezo mingi ya namna hii kwenye miaka ya 1930 na 1940, akifanya kazi na watoto wa mitaa ya Chicago, wengi wao wa familia za wahamiaji. Alitaka mtoto mwenye haya apate kucheza bila kuogopa kukemewa wala kuchekwa. Mwanawe, Paul Sills, akawa miongoni mwa walioanzisha The Second City, jumba la vichekesho vya papo kwa papo huko Chicago, mwaka 1959, na mpaka leo waigizaji wa fani hii wanafundishana kwamba kazi yako ni kumng'arisha mwenzako. Mimi niling'arishwa vipi Jumamosi?

Mambo mengine siyataki hata kuyafungua: kelele hadi usiku wa manane wiki ya mitihani, msimamizi wa nyumba kutugongea mlango, maji tuliyonunua kumwagwa.

Mmoja ananiambia, "Lakini hakumtaja jina." Angehitaji jina la nini, na mimi nimekaa pale, na nusu ya waliokuwa sebuleni wamekula samaki wa mama yangu niliowaletea kutoka nyumbani? Huku kwetu utani una wenyewe. Mtani wangu namjua, naye ananijua, na hata yeye akinikuta na msiba ana mipaka yake. Mama wa mtu haguswi, na nyote mmelelewa hivyo, msijifanye wageni wa Pwani.

Walio kwenye nyumba za namna hii, nambieni mnaendeshaje. Mimi nasema: cha simu, cha chumbani na cha familia kisiingie mchezoni, na mtu akisema "acha" taa ziwashwe, watu wakae chini.

Na yeye aniombe radhi mbele ya wale wale waliocheka. Asinijie jikoni peke yake na pole nyingine.