Steki ya kizamani Lisbon: tumetozwa tusichoagiza, kisha wakatuficha kitabu cha malalamiko

Wakuu, nimerudi nyumbani saa sita kasoro usiku na usingizi umekataa. Nina hasira, lakini ninachoandika hapa nimekiona kwa macho yangu na risiti ninayo mkononi. Jina la mgahawa silitaji, maana malalamiko rasmi nimeshayaandika na nataka yafuate njia yake. Mnaoishi Lisbon na mnaoleta wazee wenu kutembea, naombeni msome.

Mjomba wangu ndiye aliyenilipia ada kuanzia darasa la tano. Alikuwa baharia. Mwaka 1996 meli yao ilikaa bandari ya Beira siku tisa, na huko Msumbiji ndiko alikokula steki ya Kireno kwa mara ya kwanza: nyama ya kikaangoni, yai la kukaanga juu yake, chipsi pembeni, rojo la siagi limetapakaa sahani nzima. Nimesimuliwa hiyo steki tangu nikiwa mtoto. Mwaka huu nimemleta anitembelee, na ombi lake lilikuwa moja tu: aile kwa wenyewe.

Nikatafuta nyumba ya kizamani kwelikweli. Mlangoni unabonyeza kengele ndipo ufunguliwe, ndani pazia zito, kuta za mbao, viti vya ngozi nyekundu, wahudumu watu wazima wenye koti jeupe na tai ya kipepeo. Nyumba za namna hiyo bado zipo Lisbon na mimi nazipenda. Steki hapa mjini ni jambo la heshima. Ile wanayoiita bife à Marrare imechukua jina la António Marrare, mtu wa Napoli aliyefungua migahawa ya kahawa hapa zaidi ya miaka 200 iliyopita. Nyama inakaangwa kwa siagi, inatolewa, halafu rojo linapikwa kwenye kikaango kilekile kwa yale majimaji ya nyama, krimu na pilipili manga. Ni chakula cha mambo machache, kwa hiyo mpishi akizembea hana pa kujificha.

Nilipiga simu wiki mbili kabla. Nikasema nakuja na mzee wa miaka 71, nikaomba meza ya ukutani. Tumefika saa mbili kamili, mjomba, mke wangu na mimi, tukapelekwa meza ya mwisho kabisa, nyuma ya mlango wa jikoni, ule wa kusukumwa kwa mguu. Kila ukifunguka unagonga kiti cha mjomba. Nikaonyesha meza mbili za ukutani zilizokuwa wazi. "Zimeshawekwa nafasi." Mpaka tunaondoka saa nne na nusu hakuna aliyezikalia. Sisemi ni kwa sababu ya rangi yetu, moyo wa mtu siwezi kuusoma. Nasema meza zilikuwa tupu na mzee wangu alikuwa anagongwa na mlango.

Yeye mwenyewe hakulalamika. Alimsikia mhudumu akitamka "mesa", akanigeukia uso umechangamka: "Mjomba, wanasema meza!" Nikamwambia ndiyo, neno tumelipata kwao, na mvinyo pia. Akafurahi kama aliyekutana na ndugu ugenini. Furaha ile ndiyo inayoniuma mpaka sasa, maana ilidumu dakika kumi tu.

Kabla hata ya menyu vikaanza kushushwa vitu. Mkate, siagi na zeituni. Hiyo ndiyo couvert, nimeizoea. Kisha jibini zima la duara. Kisha sahani ya presunto, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi. Mjomba ni Msabato kutoka Same, nguruwe hata kumkaribia hataki. Nikamwambia mhudumu kwa Kireno kilichonyooka: jibini na presunto hatukuagiza, tafadhali viondoe. Akajibu havina shida, viacheni tu hapo. Vikakaa mbele ya pua ya mzee. Nikamwita mara ya pili.

Na sasa sikilizeni hili. Kwenye ile sahani kulikuwa na kipande kimoja cha juu kilichojikunja ukingoni, mafuta yake yameanza kung'aa kwa joto. Nilikuwa nimekitazama karibu nusu saa. Mhudumu alipoichukua hatimaye, sahani haikurudi jikoni. Ilitembea hatua nne ikatua kwenye meza ya wageni wanne waliokuwa ndio kwanza wanavuta viti, kipande kimejikunja vilevile. Wakaanza kula.

Nyama tuliagiza tatu za vazia, ile ya mgongoni, euro 27 kila moja. Mimi na mke wangu tulitaka ya kati. Mjomba ana meno ya bandia juu, akaomba iive kabisa, bem passado, na neno hilo limeandikwa kwenye menyu yao wenyewe. Mhudumu akaniangalia mimi, mzee kamruka, akasema nyama kama hii kuivisha hivyo ni kuiharibu. Nikamjibu anayekula ni yeye. Ikaja mbichi. Mjomba alikata mara moja, damu ikaingia kwenye chipsi, akaweka kisu chini taratibu kama anayeogopa kumuudhi mtu.

Nikairudisha. Baada ya dakika sita hivi ikarudi imepasuliwa vipande viwili ili iive upesi, kijivu nje na ndani, na yai juu yake ni lilelile la mwanzo. Najua ni lilelile kwa sababu ukingo wake ulikuwa na alama ya kisu cha mjomba. Kiini kimekauka, kimekuwa kama chaki. Yai lingewagharimu kiasi gani kukaanga jingine? Mzee amengoja tangu 1996, wakashindwa kumkaangia yai! Rojo nalo lilikuwa la unga mtupu, limeganda utando juu, ukisukuma kwa uma linajikunja kama uji wa jana. Siagi sikuisikia, na pilipili manga zilimwagwa baadaye zikaelea. Mjomba alikula robo. Akasema, "Nzuri, mjomba, nimeshiba tu." Mtu aliyenilea, namjua akishiba.

Bili. Steki tatu 81. Couvert 4.50 mara tatu, 13.50. Jibini 12. Presunto 18. Maji chupa mbili 7. Kahawa yangu 2. Jumla 133.50, na chini yake mstari wa bakshishi ya kupendekezwa, 13.35, ambayo walishaijumlisha kwenye mashine ya kadi. Yaani presunto tuliyoikataa mara mbili, ikaliwa na watu wengine mbele ya macho yetu, tunailipia sisi! Nadhani na wale wanne walilipishwa.

Mkate tuliula, siubishii. Couvert nilikubali kulipa palepale. Lakini sheria ya hapa haina utata kwa yale mengine. Decreto-Lei 10/2015, kifungu cha 135, inasema hakuna chakula wala kinywaji, couvert ikiwemo, kinachoweza kutozwa kama mteja hakukiomba. Nilimtajia mhudumu namba ya kifungu. Akasema hiyo ndiyo desturi ya nyumba. Bakshishi nayo si lazima, hakuna mtu wa kukulazimisha, na mkikuta imejumlishwa kwenye mashine mwambieni aifute aanze upya. Hiyo aliifuta, kwa kununa.

Nikaomba livro de reclamações, kitabu cha malalamiko. Kwanza akasema kurasa zimekwisha. Halafu akasema meneja ndiye mwenye funguo na hayupo. Halafu akataka pasipoti yangu kabla ya kukitoa. Yote matatu ni uongo wa kutisha wageni. Kila biashara inayohudumia watu hapa lazima iwe nacho, ikitoe papo hapo na bure, na hawaruhusiwi kukuwekea sharti la kitambulisho. Tangazo la kitabu hicho lilikuwa limebandikwa sentimita chache kutoka kwenye bega lake. Nikatoa simu nikamwambia napiga polisi, PSP, waje wao wakiombe, maana sheria inaniruhusu. Kitabu chekundu kikatoka chini ya kaunta, sijamaliza hata kufungua simu. Funguo hazikuhitajika.

Nikaandika kwa Kireno, kimoja baada ya kingine, saa na namba ya meza. Nakala halisi inakwenda kwa ASAE, mamlaka inayosimamia mambo ya chakula na biashara, ya pili ni yako wewe, ya tatu inabaki kitabuni. Msikubali kuondoka bila nakala yenu. Wakikushinda kabisa, kipo pia cha mtandaoni. Wana siku 15 za kazi kuipeleka huko hiyo nakala halisi.

Nililipa 133.50. Nilitaka kubishana mpaka mwisho kuhusu zile 30, lakini mjomba alikuwa amesimama karibu na pazia, kofia mkononi, anasema, "Mjomba, lipa twende, mimi nimechoka." Ningefanyaje? Kwenye teksi akaniomba msamaha. Yeye, aniombe msamaha mimi, kwamba kaniingiza kwenye gharama!

Kwa hiyo nauliza. Aliyewahi kuandika kwenye kitabu hicho kwa sababu ya couvert au vitu visivyoagizwa, alijibiwa baada ya siku ngapi, na pesa alirudishiwa? Na anayejua nyumba ya steki hapa Lisbon ambako mzee anaweza kupikiwa nyama ikaiva, yai likawa la moto na rojo likapikwa kwa siagi, anitajie leo hii. Mjomba anaondoka Jumapili.