Miaka 47, nataka ufundi saa: nikae kwa mzee, nijifunze mwenyewe, au nihamie simu?

MtuWaMtoni
Assalaam alaykum. Miaka 19 niko mapokezi ya hoteli Nungwi. Mwaka jana Seiko 5 ya marehemu baba ilisimama, nikaipeleka kwa mzee mmoja Mchangani. Akaifungua mbele yangu, akanipa kioo cha kukuzia nitazame lile gurudumu dogo linalokwenda na kurudi, mapigo sita kwa sekunde. Tangu siku ile moyo wangu haupo tena mapokezi.

Njia nazoziona ni tatu. Kukaa kwa mzee bila mshahara, kununua vifaa nijifunze kwa video usiku, au kushika ufundi simu kwa kuwa wateja wake ni wengi. Watoto wawili bado wako skuli. Nishaurini.

MezaYaDarajani
Waalaykumsalaam. Kaa kwa mzee. Video itakuonesha skrubu inapofunguliwa, lakini nguvu ya kidole haionekani kwenye video. Mimi mwalimu wangu alinishika mkono wiki nzima nikiweka akrabu tu, niweke nitoe, mpaka nikaacha kuchuna uso wa saa.

Ila usiende na ndoto ya saa za ufunguo peke yake. Tangu Seiko watoe saa ya kwanza ya mkononi ya kwatsi, yaani ya betri, 1969, dunia imehamia huko. Mezani kwangu zikija saa kumi, nane ni betri, mkanda au kioo. Hizo ndizo zinazolipa kodi ya kibanda. Jifunze kutumia mita ya umeme mapema, ujue kama betri imekufa au koili, ule waya mwembamba uliozungushwa ndani, imekatika.

WeteKwetu
Mie niliacha bahari nikaingia kwenye simu. Pesa ipo, tena ya kila siku, sikatai. Lakini kila mwaka inakuja simu mpya na mimi naanza upya. Kwa umri wako, kaka, tafuta kazi ambayo ulichojifunza leo kitakufaa ukiwa na miaka 65.

Na huku kwetu saa za maji chumvi hazishi. Mvuvi akikuletea iliyoingia maji, ifungue siku hiyohiyo. Ukiiacha mpaka kesho utakuta kutu.

BintiChukwani
Nilijaribu njia ya video. Nilinunua vibano vya bei rahisi, ncha zikapinda. Nikatia mafuta mengi nikidhani ndiyo kuitunza, yakatambaa mpaka kwenye ule utepe mwembamba kama unywele, saa ikawa inakimbia. Saa ya shangazi yangu! Nililia.

Uingereza kuna British Horological Institute, chama cha tangu 1858, wanafundisha hata kwa masafa. Masomo yao mazuri, lakini ni kwa Kiingereza na ada ni kwa pauni. Na bado utahitaji mtu wa kukutazama mikono.

MtuWaMtoni
Ahsanteni sana. Kinachonitia hofu ni macho, na mkono kutetemeka.

MezaYaDarajani
Macho yana kioo. Mkono, egemeza viwiko vyote viwili mezani, na meza iwe juu, karibu na kifua. Kazi ndogondogo zifanye asubuhi. Halafu simu yako iweke mbali na meza: spika yake ina sumaku, na saa ikishika sumaku huenda mbele bila sababu unayoiona.

Kazi usiache kwanza. Nenda siku zako za mapumziko.

MtuWaMtoni
Nimezungumza na mwenzangu, karidhia. Nna siku mbili kwa wiki, na mzee kanikubalia, ila kasema nije na bisibisi zangu. Nianze na saizi gani?

MezaYaDarajani
Milimita 0.8, 1.0, 1.2 na 1.4. Nunua na jiwe la kunolea. Ncha ikizubaa huteleza, na mchubuko juu ya saa ya mtu haufutiki.